Uzi: Ada ilifutwa, mbona watoto wa kaya maskini bado wanapotea darasani kuanzia Februari?

#1 Nyemo wa Chamwino (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wanajukwaa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, na ninaleta jambo ambalo kamati yetu imelijadili bila kupata mwafaka. Tangu Januari 2016, ulipoanza utekelezaji wa elimumsingi bila malipo, mzazi hadaiwi ada wala mchango wa lazima, na darasa la kwanza linajaa kila mwaka. Hata hivyo ukifungua rejista za mahudhurio za shule yetu utakuta hali ile ile: Januari madarasa yamejaa, Februari alama za utoro zinaanza kuongezeka, Machi na Aprili hali inakuwa mbaya zaidi, kisha mavuno yakishaingia ndani mwezi wa Juni wengine wanarudi na wengine hawaonekani tena. Majina yanayokosekana hayabadiliki sana. Ni watoto wa kaya ambazo kijiji kizima kinazifahamu, zinazoishi kwa vibarua katika mashamba ya watu wengine.

Dai langu ni kwamba kufuta ada peke yake hakumbakizi mtoto maskini darasani. Kinachombakiza ni chakula cha mchana, na mengine yote yanafuata nyuma yake. Mwenyekiti wetu anasema tatizo ni wazazi, mwalimu mkuu anasema tatizo ni mashamba. Naomba mawazo ya watu wanaoishi na jambo hili.

#2 Mwalimu wa Bahi

Ndugu Nyemo, rejista yako inafanana na ya kwangu, lakini sababu unayoitaja siyo ninayoiona. Nimefundisha katika shule zilizozungukwa na mashamba ya mtama na uwele, na huko mtoto haondolewi darasani na njaa ya mchana, anaondolewa na ndege. Kwelea kwelea wakishuka katika shamba ambalo punje zake bado ni laini, asubuhi chache zinatosha kumaliza chakula cha kaya cha mwaka mzima. Kwa hiyo mtoto wa darasa la nne anaamshwa kabla ya jua kuchomoza, anapanda juu ya ulingo akiwa na teo na debe bovu la kugonga, na anaamia mpaka jua linapokuwa kali na ndege wanapotulia mitini. Alasiri ndege wanarudi, naye anarudi ulingoni. Katikati ya hapo angeweza kuja shuleni, lakini akifika saa tano anajua kwamba anasubiriwa na adhabu ya kuchelewa, hivyo anaona heri asije kabisa.

Mzazi mwenye uwezo anamlipa kibarua aamie, na asiye na uwezo anamtumia mwanawe. Mkipika uji mtafanya jambo jema sana, ila msimu wa ndege mtaendelea kuona madawati matupu.

#3 Zabibu wa Makutupora

Mwalimu, kwa heshima zote, ndege hawawezi kueleza utoro wa Februari. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na Februari mtama bado unapaliliwa. Hakuna punje ya kuliwa na ndege yeyote. Ndege ni habari ya Aprili na Mei. Kinachotokea Februari ni kwamba akiba ya mwaka jana imekwisha na mazao mapya hayajakomaa, kwa hiyo mama anaondoka alfajiri kwenda kupalilia shamba la mtu ili alipwe nafaka au fedha ya siku hiyo, na mtoto mkubwa anabaki kulea mdogo wake au anafuatana na mama ili kipande walichopewa kiishe mapema. Hiyo ni njaa, na inamuunga mkono mwanzisha uzi.

Lakini nina swali kwako, Nyemo. Huo uji atakunywa nani? Katika shule ambayo watoto wangu walisoma, kamati ilipitisha kwamba kila mzazi alete nafaka na fedha ya kuni na ya mpishi. Waliochanga, majina yao yaliandikwa katika daftari. Saa nne kengele ikigongwa, mwalimu wa zamu alisimama karibu na sufuria na kusoma majina, na watoto walipita mmoja mmoja na vikombe vyao. Wasiosomwa waliambiwa waende wakacheze uwanjani. Waliosimama pale uwanjani ndio wale wale ambao wewe unataka kuwasaidia, wakiisikia harufu ya uji kila siku ya shule. Jirani yangu mmoja, mwanawe alikataa shule kwa sababu ya jambo hilo, na ada haikuwahi kuwa tatizo kwake.

#4 Mstaafu wa Elimu

Nashukuru kwa mjadala. Naomba kuweka kumbukumbu sawa kabla hatujaenda mbali, kwa sababu watu wengi wanadhani ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2016. Ada hiyo ilifutwa mara ya kwanza katika miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya elimu ya msingi kwa wote, malipo yakarudi katika miaka ya 1980 hali ya uchumi ilipokuwa ngumu, kisha yakafutwa tena mwaka 2001 wakati wa kuuandaa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza 2002. Kilichofutwa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, na kuanza kutekelezwa Januari 2016, ni michango ya lazima pamoja na ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne, ambayo ilikuwa shilingi 20,000 kwa shule za kutwa na 70,000 kwa shule za bweni. Kidato cha tano na cha sita walifuata katika mwaka wa fedha 2022/23.

Ninasema haya kwa sababu yanagusa swali lako. Kila mara malipo yalipofutwa, uandikishaji uliruka juu, na kila mara swali la kumbakiza mtoto aliyeandikishwa liliachwa kwa mwalimu mkuu na kijiji chake.

#5 Nyemo wa Chamwino

Asante, mzee wangu, kwa mpangilio huo wa miaka. Zabibu, jambo la majina kusomwa kando ya sufuria limenigusa, kwa sababu rasimu ya kamati yetu ina daftari kama hilo. Je, kuna shule ambayo inapika kwa wote bila kuangalia nani amechanga? Na kama ipo, fedha inatoka wapi? Naona wengi watasema ruzuku ya serikali.

#6 Mwalimu Mkuu, Mpwapwa

Ruzuku ya uendeshaji haiwezi, na ninaomba niwaoneshe kwa hesabu ili lawama zipungue. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 ni kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Shule yenye wanafunzi 500 inapokea shilingi milioni 3 kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi, na humo kuna chaki, karatasi, mitihani, michezo, ukarabati mdogo na safari za kupeleka taarifa wilayani. Chakula hakimo.

Sasa hesabu ya jikoni. Kikombe cha uji kinahitaji unga wa gramu 50 hivi. Wanafunzi 500 wanatumia kilo 25 kwa siku, na mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo ni kilo 4,850, karibu magunia 49 ya kilo mia. Ukisikia magunia 49 unaogopa. Lakini ukigawa kwa mtoto mmoja mmoja ni kilo 9.7, yaani nusu debe la nafaka kwa mwaka mzima. Nusu debe! Ukitaka makande ya mchana, kwa gramu 150 za nafaka kwa siku, unafika kilo 29, karibu debe moja na nusu, mbali na maharage, mafuta na chumvi.

Kosa kubwa tunalofanya sisi walimu wakuu ni kuitisha mchango Januari na Februari, shule zinapofunguliwa, wakati hata mwenye nyumba ya bati anahesabu vibaba. Nusu debe hilo ukiliomba Juni au Julai, mzazi analipima mwenyewe bila kuombwa mara mbili. Februari analinunua sokoni kwa bei ya juu, au anakimbia mkutano.

#7 Dada wa Kongwa

Mwalimu Mkuu amesema kweli kuhusu Juni. Mimi ninaona hata hivyo kwamba mjadala unaibebesha shule mzigo ambao si wake. Mtoto ana njaa shuleni kwa sababu nyumbani hakuna kitu, na dawa yake ni kuipa kaya fedha. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ulioanza 2012 unafanya hivyo hivyo: kaya inapata ruzuku kila baada ya miezi miwili, na sehemu ya ruzuku hiyo inategemea mahudhurio ya mtoto shuleni, ambayo hayatakiwi kushuka chini ya asilimia 80. Mama yangu mdogo ni mnufaika. Malipo ya Januari hayakai mkononi, yanakwenda moja kwa moja kwa fundi wa sare na kwenye madaftari, na kinachobaki ni unga. Wanawe wote wako darasani. Kwa nini tusipanue hilo badala ya kubishana kuhusu sufuria?

#8 Mstaafu wa Elimu

Dada, mwaka 2012 ndipo mpango ulipoanza kupanuliwa nchini. Majaribio yalianza 2010 katika wilaya tatu, Bagamoyo, Kibaha na hii hii Chamwino ya mwanzisha uzi, kwa hiyo baadhi ya vijiji vyake vina uzoefu wa miaka mingi kuliko vingine vyote. Tathmini ya majaribio hayo ilionesha kwamba kaya zilizopata fedha zilijiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii, zilifuga zaidi, zilinunua viatu vya watoto, na watoto wao walimaliza darasa la saba kwa wingi zaidi. Hayo si mambo madogo.

Jambo linalonisumbua ni sharti la mahudhurio. Mwalimu anajaza fomu, na kaya ambayo mtoto wake hakuhudhuria inakatwa. Mtoto anakosa shule kwa sababu ya umaskini, kisha kaya inapunguziwa fedha kwa sababu ya kukosa huko, katika mwezi ambao inaihitaji zaidi. Nimewafahamu walimu walioweka alama ya kuhudhuria kwa huruma, wakijua mtoto yuko machungani. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa, ingawa kwa namna hiyo rejista inaacha kusema kweli.

#9 Mtani wa Singida

Watani zangu Wagogo, mmezunguka mno. Njooni huku Manyoni muone: mzee ana zizi limejaa, akiitwa mkutano wa shule anasema hana debe la mahindi. Vilabu vya pombe vinajaa siku ya gulio. Mwenyekiti wa kamati ya Nyemo ana hoja, nayo msiikwepe kwa kuwa haipendezi. Wapo wazazi wenye uwezo wasiotaka kutoa, na mtoto wa mzazi wa namna hiyo anahesabiwa kuwa maskini bure.

#10 Mchunga wa Zamani

Mtani, utani wako tunaupokea, ila zizi lililojaa ni la nani? Mimi nimelelewa na bibi katika kaya isiyo na hata mbuzi, na nimechunga ng'ombe wa watu tangu nikiwa darasa la tatu. Makubaliano yalikuwa ndama baada ya muda mrefu na maziwa kwa wakati huo. Mwenye ng'ombe watoto wake walikwenda shule, mimi nilikwenda machungani badala yao. Kwa hiyo ukiona kijiji kina ng'ombe wengi, usikimbilie kusema wazazi wana mali. Uliza pia nani anawachunga, utamkuta mtoto wa kaya ile isiyochanga.

Nilirudi darasani kupitia MEMKWA, mpango ule wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Tulikuwa wakubwa kwa umri, tulisoma jioni kidogo na asubuhi kidogo, na mwalimu wetu alikuwa mtu wa kijijini hapo anayejua mifugo inarudi saa ngapi. Hakutupikia uji wala hakutupa fedha. Alichofanya ni kuweka saa za masomo ambazo mchungaji anaweza kuzifikia. Mwalimu wa Bahi amegusa jambo hili katika #2 alipozungumzia saa tano, na ninashangaa hakuna aliyelidaka.

#11 Mlezi wa Awali

Wote mmeanzia darasa la nne, nami ninafundisha darasa la awali, ambako mengi yanaanza. Mtoto wa kaya maskini wa vijiji vyetu anafika akizungumza Kigogo au Kirangi tu. Hana kitabu nyumbani, redio ina betri zilizokwisha, na wazazi wake wanatumia Kiswahili siku ya gulio. Anakaa nyuma, haulizi ruhusa ya kwenda chooni kwa sababu hajui aiombe vipi, anajikojolea, anachekwa, kesho haji. Utaandika mtoro.

Mpango wa kuboresha elimu wa EQUIP-T ulipofanya kazi katika mkoa wetu uliandaa mafunzo ya utayari wa shule, ya wiki 16, kwa watoto ambao hawakuwahi kusoma awali. Yalifundishwa kwa hadithi na mchezo, na msaidizi alikuwa kijana wa kijiji hicho hicho ambaye mtoto akikwama anamwelewa. Nimepokea watoto waliopitia mafunzo yale. Wanapaza sauti, wanashika penseli, na wakihitaji kitu wanasema. Gharama yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na magunia 49.

#12 Mwalimu Mkuu, Mpwapwa

Mlezi, ninakuunga mkono kuhusu lugha, lakini niulize: wale wanaojua Kiswahili vizuri, mbona nao wanapotea Machi? Nina majina hapa ya watoto wanaosoma vizuri kabisa, wengine walikuwa wa kwanza darasani.

#13 Mlezi wa Awali

Mwalimu Mkuu, sikusema lugha inaeleza kila kitu. Nilisema inaeleza wale wanaoondoka mapema, kabla hata hawajafika kwenye daftari lako la uji.

#14 Binti Kondoa

Nami ninaongeza upande wa sekondari, kwa sababu huko hata nusu debe haitoshi. Shule ya kata inaweza kuwa mbali kiasi kwamba mtoto hawezi kwenda na kurudi kila siku, na bweni hakuna. Mzazi anampangia chumba karibu na shule, ambacho wanafunzi wenyewe wanakiita geto. Nimeingia katika geto la wasichana watatu wa kidato cha pili. Kulikuwa na mkeka, jiko la mafiga matatu nje ya mlango, ndoo moja, na mfuko wa unga uliofungwa kwa kamba na kuandikwa jina la kila mmoja kwa kalamu ya wino ili wasichanganyiane. Mfuko wa mmoja wao ulikuwa umekunjwa hadi chini. Wenzake walikuwa wakila naye, lakini alisema anaona aibu, na mwendesha bodaboda mmoja alikuwa amejitolea kumsaidia. Mnajua msaada wa namna hiyo unaishia wapi.

Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 ulifungua mlango wa kurudi kwa wanafunzi waliokatiza masomo, pamoja na waliopata ujauzito, na niliufurahia kwa moyo wote. Lakini aliyejifungua anarudi kwenye geto lile lile akiwa na mdomo mwingine wa kulisha. Na taulo za kike? Kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa 2018 na kurudishwa mwaka uliofuata, kwa maelezo kwamba bei hazikushuka madukani. Shuleni kwetu mwalimu wa malezi anaweka pakiti katika kabati lake kwa fedha yake mwenyewe, na wasichana wanajua kwamba wakimwomba ufunguo hawaulizwi swali.

#15 Ustawi wa Jamii

Kabati la mwalimu huyo linanirudisha kwenye jambo ambalo kazi yangu imenifundisha. Fedha, chakula na lugha ni muhimu, lakini mtoto anayebaki shuleni katika mazingira magumu karibu kila mara ana mtu mzima mmoja pale shuleni anayemtambua. Mtoto akikosa siku mbili, mtu huyo anauliza. Akija na shati lililochanika, halitajwi mbele ya wenzake. Tunavyo vyeo vya kazi hiyo, mwalimu wa malezi, ushauri na unasihi, ila mara nyingi mtu huyo ana vipindi kamili kama wenzake, darasa la watoto zaidi ya 80, na hana chumba cha kuzungumzia na mtoto isipokuwa chini ya mti ambapo kila mtu anaona nani ameitwa.

Zabibu, kile ulichokieleza katika #3 ninakichukulia kama madhara kwa mtoto. Tafadhali, Nyemo, futeni daftari hilo kabla hamjanunua sufuria.

#16 Mtani wa Singida

Ustawi, mwalimu wa watoto 80 utamwambia amtambue kila mmoja? Hapo tunamwomba malaika. Bora sufuria, haihitaji kukumbuka jina la mtu.

#17 Mwalimu wa Bahi

Mtani, hilo la mwisho ni la kweli kuliko ulivyokusudia, maana sufuria isiyokumbuka jina ndiyo hiyo ambayo Zabibu anaitaka. Na mchunga wa zamani, nimelidaka. Tulijaribu kwa makubaliano na kamati kwamba katika wiki za ndege mwanafunzi anayekuja saa nne apokelewe bila fimbo na apewe muhtasari wa vipindi vya asubuhi. Walikuja. Si wote, na somo la hesabu liliwaacha nyuma kwa sababu tumelipanga asubuhi, lakini walikuja na kurudi ulingoni alasiri. Baadaye alihamishiwa kwetu kiongozi mwingine asiyekubaliana na jambo hilo, likafa.

#18 Mchumi wa Makulu

Naongeza jambo moja la nje kwa sababu linafanana na mazingira yetu. Brazil ilipitisha sheria mwaka 2009 iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha ya chakula cha shule ambayo serikali kuu inaipeleka kwenye miji na majimbo itumike kununua mazao ya wakulima wadogo wa familia. Mtoto anakula, na baba yake anapata soko. Hapa kwetu, mkulima wa uwele anauza kwa bei ya chini mwezi wa mavuno kwa sababu ana madeni, na shule iliyo umbali wa kutupa jiwe haina nafaka Februari. Mwongozo wa Kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi, wa mwaka 2020, umeiweka jamii na wazazi mbele katika kuchangia. Lakini utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18 ulionesha kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara hawafikii mahitaji ya msingi. Katika kijiji ambacho hali ni mbaya kuliko wastani huo, ukiiomba jamii ijichangie yenyewe, unaomba maji kwenye kisima kikavu.

#19 Dada wa Kongwa

Mchumi, Brazil ina bajeti ya serikali nyuma ya sheria hiyo. Sisi Kibaigwa tuna soko kubwa la nafaka, magari yanapakia usiku na mchana, na shule zilizo karibu nalo hazina uji. Mazao yapo. Mnunuzi kwa niaba ya mtoto ndiye hayupo, na ndiyo maana bado ninasema fedha iende kwa kaya.

#20 Zabibu wa Makutupora

Fedha ikienda kwa kaya, Dada, italiwa na watu saba na mtoto atakuja shuleni na sehemu yake ya saba. Uji wa shuleni unaingia tumboni mwake mwenyewe. Kila mmoja wetu ana mtoto wake machoni anapoandika, nadhani ndiyo maana hatukubaliani.

#21 Mstaafu wa Elimu

Naomba pia tukumbuke kwamba michango ina historia nzito. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni baada ya malalamiko kwamba watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa fedha. Mchango wa hiari haukukatazwa, ila walimu hawatakiwi kuushika, na mtoto hatakiwi kurudishwa wala kunyimwa masomo kwa sababu yake. Nyemo, hakikisha maamuzi yenu yanapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari unaandikwa, na mtendaji anaupeleka kwa mkurugenzi. Mwalimu mkuu wenu asije akaulizwa peke yake.

#22 Nyemo wa Chamwino

Nashukuru nyote. Bado ninaamini chakula kinatangulia, ingawa sasa ninaona kwamba Februari na Aprili ni matatizo mawili tofauti, na hilo sikuwa nalo nilipoanzisha uzi. Nitapeleka kwenye kamati mambo matatu: nusu debe lipokelewe Juni na si Januari, uji unywewe na kila mtoto aliyepo bila daftari la majina, na kaya zinazoishi kwa vibarua zisidaiwe nafaka bali zitoe kuni au zamu ya kupika zikiweza. Mwenyekiti atauliza nani atafidia nafaka ya kaya hizo. Kwa hesabu ya Mwalimu Mkuu, kila kaya inayotoa ikiongeza vibaba vichache, pengo linazibika, lakini najua mtani wa Singida hatatoa.

Swali langu la sasa ni la ghala. Nafaka ya Juni itakaaje mpaka Machi bila kubunguliwa? Shule haina stoo yenye mlango wa kufungika vizuri.

#23 Mtani wa Singida

Mimi nitatoa debe zima, mtani, ila nikabidhiwe risiti.

#24 Mwalimu Mkuu, Mpwapwa

Kama ni mahindi, dumuzi atayamaliza kabla ya Krismasi msipochukua hatua. Tumieni mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, mkaushe nafaka vizuri kwanza, na mfuko ukishafunguliwa uishe haraka. Uwele na mtama hautaki usumbufu mwingi kama mahindi, na watoto wetu wameuzoea. Kuhusu stoo, sisi tulihifadhi katika chumba cha ofisi ya kijiji kwa funguo mbili, moja kwa mtendaji na nyingine kwa mama mmoja aliyechaguliwa na wazazi, na mizani ilisomwa mbele ya watu kila nafaka ilipotoka.

#25 Zabibu wa Makutupora

Na huyo mama mwenye ufunguo achaguliwe kutoka katika kaya zinazoishi kwa vibarua. Kwetu walichaguliwa wenye nyumba za bati watupu, na daftari la majina likazaliwa mikononi mwao.

#26 Ustawi wa Jamii

Naunga mkono #25. Nyemo, mkutano mkuu wa kijiji chenu ni lini? Kama ni kabla ya mavuno, nitaomba kwa mtendaji nafasi ya kuzungumza na wazazi, na Mwalimu wa Bahi akiweza kufika aeleze yale makubaliano ya saa nne, maana nusu debe halimgusi mtoto aliye juu ya ulingo.